Kwa Ghanima, Kuhusu Gogo la Tatu

Ghanima bint Muhenna, jirani yangu wa Rustaki,
mimi na wewe hugombana kwa Kiswahili,
Kiarabu chetu kina adabu mno.
Basi na hili nakuandikia kwa lugha ya ugomvi.

Alfajiri ile ya Jumanne, mikunazi ya wadini imechanua,
nilipita mitendeni na pampu mgongoni,
lita kumi na sita, mkanda unanikata bega,
nikiwapulizia dubasi, wadudu wale wanaofyonza makuti
hadi utomvu unadondoka chini
kama mvua ya sukari.
Kwenye chupa paliandikwa, kwa herufi ndogo kuliko mguu wa sisimizi,
usipulize nyuki wakiwa nje.
Miwani niliiacha garini.

Saa tatu ukaja na sinia.
Nikadhani vitumbua.
Ukaniambia neno moja: Hesabu.

Nilifika mia na arobaini, nikashindwa.
Wengine walikuwa bado wanajizungusha kwa migongo,
ulimi nje,
kama mtu aliyekatizwa kauli.
Walifuata utamu unaodondoka. Waliukuta na dawa yangu ndani yake.

Mizinga yako naijua tangu utoto:
magogo ya mtende yaliyotolewa moyo,
yamelazwa ukutani, moja juu ya jingine, mdomo kwa udongo.
La kwanza lilivuma. La pili likavuma kwa kusitasita.
La tatu, nikaweka sikio, nikasikia sikio langu.

Nikajitetea, unakumbuka?
Nikasema mtende hauna haja na nyuki,
posa yake naipeleka mimi:
kila mwaka napanda na ua la dume kiunoni,
napasua karara la jike, nachomeka, nafunga kwa ukuti.
Mitende mia mbili na kumi. Wiki tatu. Mgongo wote.
Hukubisha.
Ulisema: Na ndimu, utaipandia?
Na boga linalofumbua ua alfajiri na kulifunga adhuhuri?
Na mwembe wako, anaohudumiwa na nzi unaowafukuza kwa gazeti?
Na mkunazi ule, Sleyum, ua kwa ua,
kila moja dogo kama kifungo cha shati la mtoto, na miba ile?

Nikatazama mikono yangu.
Binadamu tumejifunza kazi ya mdudu kwa mti mmoja tu,
na tunalala hoi.

Tangu hapo nakupigia simu usiku wa kabla.
Unaziba midomo ya magogo kwa kitambaa kibichi,
napuliza baada ya isha, mtende ulio mgonjwa peke yake.
Mara nyingi sipulizi kabisa. Nakata makuti yaliyobanana
upepo upite, jua lipite,
dubasi wachukie wenyewe makao yao.

Na ile kona ya magugu kando ya falaji
niliyokuwa naifyeka kila Alhamisi, kwa usafi tu,
nimeiacha.
Shemeji zangu wanasema shamba lina nywele za mwendawazimu.
Waseme. Chini pale nimeona vitundu, upana wa msumari,
vya nyuki wanaoishi mmoja mmoja,
wasio na malkia, wasio na asali ya kumpa mtu,
kwa hiyo hawana wa kuwatetea.
Juu ya maji kuna kerengende mwekundu
anayekaa kwenye ncha ya jani lilelile kila asubuhi.
Nimeanza kumsalimia. Usicheke.

Gogo la tatu umeliacha wazi.
Mwaka mzima sasa; hulichomi, huliuzi.
Sikuwahi kukuuliza, nilijua jibu litanihusu.

Jana magharibi nilipita kwako, hukuwapo.
Nikainama, nikaweka sikio.

Palikuwa na kitu.
Huenda ni falaji tu, maji yamerudi zamu yako.
Huenda si falaji.
Nenda kasikilize wewe,
mimi sikio langu
bado siliamini.